Kulisafisha Jina la Mkopaji ni Kazi ya Mwenyewe



Wapo watu wanaowaahidi wakopaji kwamba, wakilipwa ada, wataliondoa jina la mtu katika orodha ya wadaiwa sugu. Makala hii yakusudia kueleza kwa nini fedha hizo hupotea, na njia ambayo mwanachama aweza kuifuata yeye mwenyewe.

Kwanza yafaa kujua taarifa hizo hutoka wapi. Kwa mujibu wa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni za mwaka 2012, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji wao katika kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania. Mwaka 2013 Benki Kuu ilizipa leseni kampuni mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zichakate taarifa hizo na kutoa ripoti kwa wakopeshaji. Ieleweke kwamba kampuni za namna hii hazitungi deni. Huonyesha yale yaliyoletwa na mkopeshaji. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kusahihisha ni yule aliyeandika. Mtu wa kati hana kalamu katika daftari hilo.

Doa katika jina la mkopaji huwa la aina mbili. La kwanza ni deni la kweli. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna ada iwezayo kulifuta. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo amwendee mkopeshaji, aombe kupangiwa upya marejesho, na mapatano yaandikwe.

La pili ni kosa la maandishi. Tuseme mvuvi wa Kiegeani alikopa Sh. 1,200,000 za kununulia mashine ya boti, akarejesha Sh. 100,000 kila mwezi kwa miezi 12. Malipo mawili ya mwisho yakaingizwa kwa mtu mwingine mwenye majina kama yake. Kwa haki hana deni. Kwa maandishi anadaiwa Sh. 200,000, na ombi lake la mkopo wa nyavu litakataliwa. Mtu kama huyu afanye yafuatayo:

(a) Amwombe mkopeshaji taarifa ya mkopo wake, na aombe pia ripoti yake kwa kampuni inayochakata taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na kudai zisahihishwe zikiwa na kosa.

(b) Alinganishe taarifa hizo na stakabadhi zake moja moja, pamoja na ujumbe wa malipo ya simu. Aangalie majina yote matatu na namba ya kitambulisho cha Taifa.

(c) Amwandikie mkopeshaji barua akitaja tarehe na kiasi cha kila malipo yanayobishaniwa. Aambatishe nakala, asitoe stakabadhi halisi, na nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliyekopa katika tawi la Kilindoni huanzia hapo hapo, bila kuvuka bahari hadi Nyamisati.

(d) Kosa likisahihishwa, au deni likimalizika, adai barua ya kuthibitisha hivyo, kisha aitazame ripoti upya. Benki ikikataa bila sababu, malalamiko yapelekwe Benki Kuu. Na kama mkopeshaji ni chama cha akiba na mikopo, yapelekwe kwa Afisa Ushirika wa Wilaya.

Ndugu Katibu, nawe una sehemu yako. Chama kinachokopesha nacho huandika majina ya watu. Malipo yaliyopokelewa leo na kuandikwa mwezi ujao yaweza kumfanya mlipaji mwema aonekane mkosaji, na kuwatia hofu wadhamini wake. Andika kila malipo siku ile ile, toa stakabadhi, na kila mwaka msomee mwanachama salio lake kabla ya Mkutano Mkuu. Asiyejua kuandika barua umwandikie. Hiyo ni huduma ya ushirika, wala haitozwi ada.

Mvuvi yule hahitaji wakala. Anahitaji stakabadhi zake 12, barua moja, na katibu mwenye daftari safi.