Usiuze Black Mamba ya babu, ina kazi ya kusaka hazina Migori na Homa Bay

Kabla hujaita muuza vyuma vikuukuu aje kubeba ile Black Mamba inayoota kutu nyuma ya jikoni kwa babu, ngoja kidogo. Hiyo baiskeli nzito, nyeusi, yenye keria pana na breki za vyuma, ndiyo usafiri bora wa mchezo ambao huenda bado hujaucheza. Na kaunti za Migori na Homa Bay zimejaa mahali pa kuuchezea.

Mchezo unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kasha dogo mahali fulani, anachukua nambari za GPS za mahali hapo na kuziweka mtandaoni. Wewe unafungua programu kwenye simu, unafuata mshale hadi ubakie na mita chache, halafu simu unaiweka mfukoni na kutumia macho. Ndani ya kasha kuna daftari. Unaandika jina na tarehe, unalirudisha pale pale, unaenda zako. Ukipenda kitu kilichomo, chukua, lakini uache cha thamani sawa au zaidi. Pesa hakuna. (Najua, hapo nusu yenu mmeshaondoka.)

Ulianza kwa bahati. Kabla ya mwaka 2000, mitambo ya GPS ya raia ilikuwa inakosea makusudi, wakati mwingine kwa mita 100, kwa sababu jeshi la Marekani lilikuwa linaharibu mawimbi hayo. Tarehe 2 Mei 2000 uharibifu huo ulizimwa. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo kwenye msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ikiwa na daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, mkebe wa maharagwe ukiwemo. Leo makasha yanayosakwa duniani ni zaidi ya milioni 3.

Sasa, kwa nini baiskeli? Gari linakufikisha mwisho wa lami, na vitu vizuri vya huku kwetu haviko kwenye lami. Kwa miguu utafika, lakini kutoka mji wa Migori hadi Thimlich Ohinga ni karibu kilomita 46, na jua la Nyatike halina huruma. Bodaboda nayo ina shida yake: ukikaa dakika 40 ukichungulia chini ya kichaka, jamaa anaanza kuhesabu muda, na ana haki. Baiskeli haikuharakishi. Inapita njia ya ng'ombe, unaiegemeza kwenye mti, na ukikwama unaisukuma.

Isitoshe, eneo hili ni la baiskeli tangu zamani. Mjaluo yeyote wa rika la babu atakuambia habari za ndiga: Raleigh za Uingereza, kisha Hero na Avon za India, na Phoenix za China. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye kiti cha baiskeli kule Busia, mpakani, kabla pikipiki hazijalichukua. Pikipiki za bei nafuu zilipofurika baada ya serikali kuziondolea ushuru mwaka 2008, baiskeli zikarudi nyumbani kubeba maji na mahindi. Ndiyo maana ile ya babu ipo hapo, na fremu yake bado ni imara.

Wengi wenu mtaniambia afadhali baiskeli ya milimani, ile ya gia 21 na springi mbele. Nakubali kama ni nzuri kweli. Lakini nyingi zinazouzwa madukani huku ni rangi tupu: springi haichezi, gia zinaruka ukianza kupanda, na siku kitu kikivunjika pale Karungu hakuna wa kukuuzia. Ya Black Mamba, tyubu, spoku na mipira ya breki vinapatikana karibu kila senta, na fundi chini ya mti anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Katikati ya hizo mbili kuna Buffalo, ile ambayo shirika la World Bicycle Relief huunganisha Kisumu, yenye keria ya kubeba kilo 100 na breki ya kukanyaga pedali kinyume. Ukiipata, shika hiyo hiyo.

Kuitayarisha

Anza na breki. Vile vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani vinashika vizuri barabara ikiwa kavu. Rimu ikilowa, unabonyeza na baiskeli inaendelea kama haijasikia. Badilisha mipira yote minne, kaza nati za viungo, kisha jaribu kwenye mteremko mdogo kabla hujajipeleka milima ya Gwassi.

Halafu miiba. Bonde la Lambwe lina migunga, na mwiba wa mgunga haubishani na tairi. Dawa ya mafundi wa huku ni ya bure: kata tyubu kuukuu kwa urefu, itandike ndani ya tairi, halafu weka tyubu nzima juu yake. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini ilikuwa nzito tangu mwanzo. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, pampu na spana ya nati za magurudumu. Na jifunze ujanja huu kutoka kwa fundi: gurudumu la nyuma la Black Mamba ni usumbufu kulitoa, kwa hiyo usilitoe. Fungua tairi upande mmoja, vuta sehemu ya tyubu, ichovye kwenye maji, tazama mapovu yanatokea wapi, ziba, rudisha. Mazoezi mawili nyumbani yatakuokolea jioni nzima porini.

Madigadi ni suala la msimu. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, udongo mweusi wa Lambwe na Nyatike unageuka gundi. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo utaibeba baiskeli begani badala ya yenyewe kukubeba. Toa madigadi ya mbele, inua ya nyuma, na uwe na kijiti kigumu kimefungwa kwenye fremu cha kukwangua. Eneo la chini la Nyatike usiliendee kabisa Mto Kuja ukiwa umefura.

Keria ndiyo utajiri wako. Funga kreti ya plastiki kwa mipira ya tyubu, vile watu hufunga jerikeni. Humo weka maji lita tatu kwa mtu, chakula, kalamu mbili na penseli moja (daftari likiwa na unyevu, kalamu inagoma), kitambaa, na mfuko wa kuokotea takataka za wengine. Simu usiifunge kwenye usukani kama njia ni ya changarawe. Mtikisiko utaichomoa, na kioo kipya utakilipia wewe. Ivae kifuani, itoe kwenye njia panda tu.

Kuhusu simu: GPS haitumii bando. Inasoma setilaiti bure, hata pasipo mtandao. Kinachokula bando ni ramani, kwa hiyo ipakue ukiwa mjini. Hili ni muhimu zaidi upande wa Isebania na Muhuru Bay, ambapo simu inaweza kudaka mtandao wa Tanzania bila kukuuliza, na salio likaenda na maji. Zima data ukiwa karibu na mpaka.

Pa kwenda

Thimlich Ohinga kwanza. Ni boma la kuta za mawe katika Kaunti ya Migori, linalokadiriwa kuwa la karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliingiza eneo hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hakuna saruji wala udongo wa kushikanisha. Jiwe limekalia jiwe, basi. Sasa fikiria msakaji mwenye pupa anang'oa jiwe moja akitafuta kasha, au mbaya zaidi, anang'oa ili afiche lake. Ukuta uliosimama miaka 500 unaweza kuanza kumwagika kwa ajili ya kopo la peremende. Kwa hiyo pale hakufichwi kitu, na ukimwona mtu anachokonoa kuta, mwambie aache.

Kuna njia nyingine ya kucheza katika mahali kama hapo. Mchezo una aina ya msako isiyo na kasha: unafika, unatazama, unajibu maswali ambayo huwezi kuyajibu ukiwa kitandani. Ile inayohusu miamba na ardhi inaitwa EarthCache, na Homa Bay ni kama iliumbwa kwa ajili yake. Ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay lilitokana na mlipuko wa volkano, maji yake ya magadi ni ya kijani, na flamingo huja. Wenyeji wanakuambia kijiji kilizama usiku mmoja baada ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Zunguka ukingo kwa baiskeli, kisha jibu: kwa nini ziwa hili lina magadi, na Ziwa Victoria lililo hatua chache halina?

Ukiendelea upande wa Mlima Homa, kuna sababu ya kuchunga hata mawe ya kawaida. Mahali paitwapo Nyayanga, katika rasi ya Homa, watafiti walipata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjiwa hapo. Matokeo yalitangazwa Februari 2023. Jiwe unaloliona zuri la kuweka kwenye kreti huenda mtu, au jamaa wa mtu, alilichonga. Liache. Isitoshe, sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 haitakuuliza kama ulijua.

Mbuga ya Ruma ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ndani kuna nyati na wale korongo ambao Kenya nzima huwaoni kwingine, kwa hiyo baiskeli inaishia langoni mpaka uambiwe vingine. Ila barabara ya Homa Bay hadi Mbita inakatiza bonde hilo hilo, na hapo kuna jambo la mavazi: mbung'o wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi na kitu kinachosonga, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha Agosti 2025 kwamba ugonjwa wa malale si tishio tena kwa afya ya umma Kenya, lakini kuumwa bado kunauma. Vaa kaki. Baiskeli kuwa nyeusi, hilo hatuna la kufanya.

Watakuuliza unatafuta nini

Na wana sababu. Nyatike ni nchi ya dhahabu. Kijana mgeni mwenye simu mkononi, anayetembea akiangalia chini karibu na Macalder, haonekani kama mtu anayecheza. Anaonekana kama mtu anayepima shamba la watu. Kuna mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa wazi na kufunikwa na nyasi, kwa hiyo hata bila ugomvi, kuacha njia huko ni noma. Baiskeli ibaki kwenye kijia.

Salimia kwanza. "Oyawore, jaduong'" asubuhi, "oimore" jua likishuka, ushuke kwenye baiskeli ukiongea na mzee, usimwongeleshe ukiwa umekaa juu. Eleza mchezo kwa maneno mawili, onyesha simu. Mara nyingi utapewa njia ya mkato, na mtoto wa kukusindikiza atakayeliona kasha kabla yako.

Ukitaka kuficha lako, omba ruhusa ya mwenye ardhi na umjulishe chifu. Sheria za mchezo zenyewe zinadai ruhusa, zinakataza kufukia, na zinataka angalau mita 161 kati ya kasha na kasha. Chakula hakiruhusiwi. Tumia mkebe unaoonyesha kilichomo, uandikwe nje ni nini. Usiuzungushie mkanda mweusi, usiuweke chini ya daraja, kituo cha polisi wala soko. Mwaka 2011 mjini Wetherby, Uingereza, kasha lililofichwa nje ya mkahawa lililipuliwa na wataalamu wa mabomu baada ya mtu kuliona na kupiga simu. Kenya, kwa yale tuliyoyapitia, hakuna atakayekuchekea kifurushi kilichofichwa penye watu.

Nenda na wenzako watatu au wanne, na mmoja asiyeenda ajue njia yenu. Ufukweni, msiingie majini kufuata mshale: kichocho kipo Ziwa Victoria, na jioni viboko hutoka kula nyasi. Mkimalizia Mbita mkiwa mmechoka, hamna haja ya kurudi mlikotoka. Feri ya kwenda Luanda K'Otieno hupakia baiskeli pamoja na magari na kuku. Fika mapema, uliza saa ya mwisho kuondoka, na uifunge Black Mamba kwenye reli ya feri kwa ile ile mipira ya tyubu.