Gari la kulala: Raha ya mwenye nalo, karaha ya mama

"Mwanangu, nyumba yangu ina kunguni?"

Swali hilo aliniuliza mama saa tatu za usiku, akiwa amesimama uani kwake Ndara, nje kidogo ya mji wa Voi, tochi mkononi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa ndani ya gari langu nikitandika godoro. Ndani ya nyumba kulikuwa na kitanda alichotutayarishia tangu asubuhi, kikiwa na shuka mpya ambazo mikunjo ya dukani ilikuwa haijatoka. Nilibabaika, nikasema watoto ndio wanaotaka kulala garini. Mama hakunijibu. Alizima tochi akaingia ndani, na nikasikia komeo likigonga.

Huo ulikuwa mwezi wa Aprili, safari yetu ya kwanza na gari la kulala. Huenda nawe, msomaji, unapiga hesabu ya kulinunua ili likizo za shule ziwe za raha: kitanda, jiko, maji na kabati, vyote juu ya magurudumu manne, usimlipe mtu chumba. Raha zake utaelezwa na anayekuuzia. Mimi nitakusimulia yale ambayo hatakuambia.

Wenzetu wa Ulaya wamelizoea gari hili kwa muda mrefu. Mapema katika miaka ya 1950 kampuni ya Westfalia huko Ujerumani ilianza kutia vitanda na meza ndani ya Volkswagen, na Uingereza, katika mji wa Folkestone, kulitoka Dormobile ambalo paa lake huinuka kama kifuniko cha sanduku. Lakini wenzetu hao wana viwanja maalumu vya magari hayo. Unaingia, unalipa, unachomeka waya wa umeme, unajaza maji na kumwaga taka za choo mahali palipotengwa. Kutoka Nairobi hadi Voi, mwendo wa kilomita 330 hivi, nimepata petroli, nyama choma na vyumba vya kulala vya kila bei. Mahali pa kumwaga choo cha gari sijapaona hata pamoja.

Kulipata gari lenyewe pia si rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto kama yalivyo mengi ya huko Ulaya. Basi sisi tulifanya kama wengi wafanyavyo: tulinunua matatu iliyostaafu, tukaving'oa viti vyote vya nyuma, na fundi akatujengea kitanda cha mbao, kabati, pahali pa mtungi wa gesi na tangi la maji la lita 40. Mama watoto alishona mapazia ya maua. Majirani walikuja kuchungulia, nami nikawa natembea kifua mbele kama aliyejenga ghorofa.

Siku 346

Hebu tufanye hesabu ambayo mimi niliifanya kwa kuchelewa. Mwaka huo tulilitumia gari siku nne mwezi wa Aprili, sita Agosti na tisa Desemba. Jumla siku 19. Siku 346 zilizobaki lilisimama mtaani kwetu Nairobi likila pesa. Bima haiulizi kama gari limetembea. Mlinzi wa maegesho naye haulizi. Na gari linalosimama halipumziki kama mnyama, linazeeka. Betri ilikufa mara mbili. Tairi zilipasuka nyufa ubavuni kwa jua huku kashata zake zikiwa bado nzima. Panya waliingia chini ya kitanda, wakatafuna godoro, kisha wakahamia kwenye nyaya za taa.

Halafu kuna ndugu na majirani. Mwenye gari dogo huombwa lifti. Mwenye gari kubwa huombwa gari lenyewe. Tulipeleka bibi arusi, tukahamisha vyombo vya shemeji, na mara tatu tukabeba waombolezaji waliokalia kitanda chetu kwa safu mbili, magoti kwa magoti. Utakataaje, na msiba ni wa watu wote? Nililoomba ni mafuta tu, na hata hayo niliyaomba kwa haya.

Mafuta yenyewe ni habari nyingine. Gari letu lilikunywa lita 12 kwa kila kilomita 100, kwa hivyo kwenda Voi na kurudi ni karibu lita 80. Mnamo Oktoba 2023 petroli ilipofika Sh217 kwa lita jijini Nairobi, safari kama hiyo ingekula zaidi ya Sh17,000 kabla hujanunua hata chupa ya maji. Nasi tulilinunua gari ili tuokoe pesa za vyumba, ilhali tulikokuwa tukienda hatukuwahi kulipia chumba, kwa sababu ni kwa mama!

Mikanda tuliyoifungua

Jambo ninalojilaumu nalo zaidi lilitokea Agosti. Kanuni za matatu alizozileta Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila kiti kiwe na mkanda. Gari letu lilikuwa nayo. Tulipong'oa viti tuling'oa na mikanda yake, na watoto wetu watatu wakawa wanasafiri wamelala juu ya godoro, wakicheza karata na kuchungulia dirishani. Tuliona hiyo ndiyo raha yenyewe ya gari la kulala.

Tulipokaribia Mtito Andei, lori lililokuwa mbele yetu lilifunga breki ghafla. Nami nikafunga. Gari lilisimama bila kugonga kitu, lakini vilivyokuwa nyuma havikusimama: sufuria, galoni la maji, mtungi wa gesi uliochomoka kwenye kamba yake, na kitinda mimba wetu. Alirushwa hadi mgongoni mwa kiti changu, kona ya kabati ikampasua juu ya jicho. Alishonwa nyuzi tano. Daktari aliyemshona aliniuliza mtoto alikuwa amekaa kiti gani. Nilinyamaza, naye akaelewa.

Tangu siku hiyo nikiliona gari la namna hii kitu cha kwanza ninachotazama ni viti. Kila anayesafiri awe na kiti kilichofungwa sakafuni na mkanda wake. Kitanda ni cha gari lililosimama. Mtungi ufungwe kwa chuma, si kwa kamba, na mlango wa kabati uwe na kitasa. Isitoshe, kugeuza gari la abiria kuwa la kulala si jambo la fundi peke yake. Mabadiliko hayo huandikishwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na kampuni ya bima nayo ielezwe. Sisi hatukuwa tumemwambia yeyote. Laiti tungeligonga lori lile, sijui fidia ingetoka wapi.

Kuna na milima. Tulijaribu kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ili watoto waone mashamba ya ngazi na kusikia baridi. Kupanda, tulipitwa na kila chombo isipokuwa mkokoteni. Kuteremka kulikuwa kubaya zaidi. Gari lililojaa mbao, maji na vyuma linasukumwa na uzito wake, na dereva mgeni hukanyaga breki kila kona. Tulifika chini breki zikinuka kama kitambaa kinachoungua. Mzee mmoja pale Mwatate alinifunza kwa sentensi moja: mlima huu unateremkwa kwa gia ile ile unayopandia.

Joto, maji na ndovu

Ndara si Wundanyi. Ni nchi tambarare ya joto, chini ya mlima wa Sagalla, mlima ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Ndara. Joseph Thomson, yule Mskochi aliyetoka Mombasa mwaka 1883 kuelekea Umasaini, alipita hapa na wapagazi wake baada ya kuvuka nyika kavu ya Taru. Misafara ya namna hiyo ilibeba hema, vitanda na masanduku ya vyakula, na bado iliwategemea wenyeji kwa maji na chakula. Nafikiri hao ndio waliokuwa wenzetu hasa, si Wajerumani wa Westfalia.

Kwa maana tangi letu la lita 40 liliisha kabla ya saa nane za mchana siku ya kwanza. Watoto watatu, vyombo, nyuso, miguu yenye vumbi. Bomba kubwa la chemchemi za Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa kupitia nchi ya Taita tangu miaka ya 1950, lakini mama yangu hununua maji yake kwa mitungi na kuyahifadhi kwenye pipa. Sisi tuliojidai tumekuja na nyumba yetu yenye kila kitu, tukawa tunachota katika pipa lile. Tulitumia kwa siku mbili maji ambayo yeye hutumia kwa wiki.

Ndani ya gari mchana hakukaliki. Paa la bati linageuka kikaango. Usiku ukifungua dirisha unaingiza mbu, na Voi malaria ipo. Ukilifunga, watu watano mnapumuliana hadi vioo vinatoa jasho. Usiku wa pili Aprili nilitoka nje saa nane nikakaa juu ya jiwe nikitazama nyumba ya mama, yenye madirisha mapana ya waya, na chumba kile kitupu. Lakini kiburi ni kibaya. Asubuhi nilisema nimelala kama mtoto.

Desemba tulirudi. Viti vilikuwa vimerudishwa, na mikanda, kwa gharama iliyozidi ya kuving'oa. Mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha vizuri na kunde zilikuwa zimezaa. Wanaoijua nchi ile wanajua maana yake: ndovu. Mbuga ya Tsavo Mashariki iko karibu, na ndovu wake hawasomi ramani. Huko Sagalla wakulima wamezungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyofungwa pamoja kwa waya. Ndovu akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye hukimbia. Shamba la mama halina mizinga. Lina uzio wa miiba, na mbwa.

Ndani ya gari tulikuwa na ndizi mbivu na maembe tuliyonunua njiani, gari limefungwa, harufu imejaa. Usiku wa manane nikasikia madebe yakipigwa kwa jirani na watu wakipiga kelele. Kisha kimya. Kisha mlio wa matawi yakivunjika, si mbali. Mama watoto alinishika mkono bila kusema neno. Niliwaza ule ukuta wa bati uliokuwa kati ya watoto wangu na nje, bati ambalo fundi alilitoboa kwa mkono kuweka dirisha.

Mlango wa gari uligongwa. Alikuwa mama, leso kiunoni, hana tochi, kwani aliogopa mwanga ungemvuta mnyama. Alikuwa amevuka uwanja ule gizani peke yake. Alinong'ona, "Leteni watoto. Matunda acheni." Tulimfuata mmoja mmoja, kila mtu na mtoto wake, hata yeye alimbeba kitinda mimba wetu mgongoni kwa miaka yake ile. Alipofunga mlango wa nyumba yake ya mawe ndipo nilipoona miguu yake ilikuwa haina viatu, na imechomwa na miiba.

Ndovu hawakuligusa gari. Walikula kunde za jirani, wakang'oa mpapai mmoja wa mama, wakaenda zao. Asubuhi tuliona nyayo zao hatua chache kutoka kwenye bomba la moshi. Mama alizitazama, akanitazama, na hakurudia swali lake la Aprili. Angenilaumu ningepata la kusema. Alituchemshia chai na kutupakulia kimanga.

Tulikaa siku saba zilizobaki chumbani, na ndizo siku ambazo watoto hukumbuka. Jioni nyanya yao aliwasimulia jinsi ndovu wa zamani walivyokuwa na adabu. Mimi nilikuwa sijazisikia hadithi hizo tangu nilipokuwa na umri wao. Garini hatukuwahi kusimuliana chochote. Kila mmoja alikuwa akigombea upande wa dirisha.

Gari tuliliuza mwezi wa Machi kwa mfanyabiashara wa mboga, kwa hasara. Alilitazama kitanda, akacheka, akauliza kama anaweza kukitoa. Siku hizi twende Ndara kwa garimoshi la Madaraka Express, lililoanza safari mwaka 2017 na ambalo husimama Voi, kisha tunakodi gari hadi kwa mama. Mbao za kitanda alizichukua fundi. Godoro tulilipeleka sisi wenyewe, limekunjwa na kufungwa kamba, upande uliotafunwa na panya tukiwa tumeushona. Liko katika chumba kile, chini ya dirisha, na watoto watatu hulala juu yake kwa kubanana ingawa kitanda ki wazi.