Kuchagua Programu ya Kusanifu Violesura

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, yaani vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia, na programu ya kusanifu violesura humwezesha msanifu kuichora sehemu hiyo na kuifanya ibofyeke kabla msimbo haujaandikwa. Timu nyingi huchagua zana hiyo kwa umaarufu au kwa wingi wa madoido yake, ilhali jambo la kuulizwa kwanza ni nani atakayeijaribu michoro, kwa simu gani na akiwa wapi.

Wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ufuta huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, ukapimwa na kuandikiwa stakabadhi, kisha ukapelekwa ghala kuu kusubiri mnada, ambao siku hizi huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Timu inayotaka kumtengenezea karani wa AMCOS programu ya kupokea mzigo itamhitaji karani huyo aijaribu michoro palepale mizanini, jua likiwaka juu ya kioo cha simu na wenye magunia wakisubiri zamu.

Sketch, iliyotoka mwaka 2010, huchorewa kwenye kompyuta za Mac pekee, na kwa timu yenye kompyuta za Windows mjadala wake huishia hapo. Figma, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, hufanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo wasanifu kadhaa huchora faili moja kwa wakati mmoja, na karani hutumiwa kiungo tu, bila kulipiwa leseni kwa kuwa yeye ni mtazamaji. Gharama yake hujificha kwenye bando, kwani michoro iliyojaa picha huchelewa kufunguka mtandao unapokuwa hafifu. Ni afadhali kumtumia kurasa chache za kazi moja, kama vile kuingiza uzito, kuliko programu nzima.

Penpot, zao la kampuni ya Kaleidos ya Hispania, ni ya chanzo huria, maana yake msimbo wake uko wazi na timu inaweza kuisimika kwenye seva yake yenyewe, mradi awepo mtu wa kuitunza seva hiyo na kuhifadhi nakala. Michoro yake hutumia SVG, muundo wa picha ulio wazi ambao programu nyingine huusoma, na sifa hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa zana ya leo yaweza kuuzwa au kufungwa kesho: kampuni ya Adobe ilitangaza Septemba 2022 kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, ikaachana na mpango huo Desemba 2023, na InVision, zana nyingine ya usanifu iliyowahi kutegemewa na timu nyingi, ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2024.

Zana yoyote itakayochaguliwa ipimwe pia kwa wepesi wake wa kupokea data halisi. Orodha iliyojazwa majina mafupi ya kubuni hupendeza, lakini daftari la chama cha Ruvuma huwa na akina Ngonyani, Komba na Mapunda wengi, na ukurasa unaokata jina la tatu au kuficha namba ya uanachama humwandikia mkulima mmoja kilo za mwingine.

Kwa mkulima mwenye simu ya kitochi, programu hizi zote hazina msaada mkubwa, kwa kuwa yeye hupata taarifa kwa USSD, menyu zinazofunguliwa kwa kupiga namba zenye nyota na reli, ambazo ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa. Jina la chama, uzito, bei ya mnada, makato na salio huijaza nafasi hiyo haraka, kwa hiyo usanifu wake hufanyika vizuri zaidi kwenye jedwali la Excel, lenye safu ya maneno na safu inayohesabu herufi zake.