Afya: Kilichoponya nguruwe hakikumtosha mtu, historia ya tiba ya mshipa wa ubongo uliovimba

Watu wazima wapatao 3 kwa kila 100 wanatembea na mshipa uliovimba ndani ya ubongo, wengi wao bila kujua. Waganga wanaita uvimbe huo anevrizimu. Ukuta wa mshipa wa damu unalegea mahali pamoja na kutokeza kifuko, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyovimba pale ulipochakaa. Wengi wanazeeka nacho na kufa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Lakini kikipasuka, damu inamwagika kuzunguka ubongo, kichwa kinauma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, na mgonjwa anaweza kufa au kubaki kilema.

Zamani tiba ilikuwa kufungua fuvu la kichwa na kubana shingo ya kifuko kwa kibano cha chuma. Siku hizi, katika hospitali zenye vyombo, kuna njia nyingine: mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa pajani, unapandishwa polepole mpaka ubongoni, kisha kifuko kinajazwa nyuzi laini za platini. Damu iliyo ndani inaganda, na ile inayopita haikisukumi tena. Kabla ya kumfikia mgonjwa, njia hiyo ilipita kwa sungura na nguruwe.

Shida ni kwamba wanyama hawapati ugonjwa huu wenyewe ila kwa nadra sana. Ni lazima watengenezewe. Mwaka 1954, watafiti wa Marekani, German na Black, walionyesha namna ya kufanya: walikata kipande cha mshipa wa mbwa na kukishonea kando ya mshipa mkubwa wa shingoni, kikawa kifuko. Wengi waliowafuata walibaki shingoni vilevile, kwa sababu mishipa ya ubongo ya mnyama mdogo ni myembamba mno kwa mrija wa mganga.

Mwitaliano Guido Guglielmi alikuwa akijaribu kugandisha damu kwa umeme ndani ya kifuko cha sungura, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipoona ncha ya waya wake imekatika na kubaki ndani. Umeme ulikuwa umeyeyusha chuma. Mwingine angeona hasara. Yeye aliona kwamba kitu kinaweza kuachwa ndani ya mshipa bila kuvutwa wala kusukumwa. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, yeye na fundi Ivan Sepetka walitengeneza uzi wa platini unaoachiliwa kwa umeme kidogo, wakaujaribu kwa nguruwe. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikatoa ruhusa. Mwaka 2002 jaribio kubwa lililofanyiwa wagonjwa 2143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka lilionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa karibu 24 kwa 100 kati ya waliotiwa nyuzi, na karibu 31 kwa 100 kati ya waliofunguliwa kichwa.

Hapo nguruwe alipata sifa, na ndipo alipoanza kudanganya.

Nyuzi za platini zina kasoro moja: kwa wagonjwa wengine kifuko kinafunguka tena. Viwanda vikapaka nyuzi hizo aina ya plastiki inayoyeyuka mwilini, ili kovu lifunge mlango haraka. Kwa nguruwe matokeo yalipendeza sana. Kwa watu, majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2012 na 2014 hayakuona kwamba nyuzi zilizopakwa zinashinda zile za kawaida, ambazo bei yake ni ndogo.

Sababu si ya kutafuta mbali. Nguruwe wa maabara ni kijana, mzima, na damu yake inaganda upesi. Kifuko chake ni kidonda kipya cha kisu, na mara nyingi kinajifunga chenyewe hata bila dawa. Mgonjwa halisi ana ukuta wa mshipa uliochoka kwa miaka ya tansio na tumbaku. Aliyejaribu uzi kwa nguruwe aliuliza swali jepesi, akapewa jibu zuri.

Ndiyo maana sungura alirudi. Watafiti, kati yao David Kallmes wa Mayo Clinic huko Minnesota, wanaziba mshipa wa shingo ya sungura na kutia ndani elastazi, dawa inayokula nyuzi zinazoupa mshipa uwezo wa kuvutika. Kifuko kinachotokea kinalingana na cha mtu kwa ukubwa na kwa mwendo wa damu, na kinabaki wazi kwa miezi mingi. Kwa sungura wa namna hiyo ulijaribiwa mrija wa wavu wa chuma unaogeuza mkondo wa damu usiingie kifukoni. Marekani iliuruhusu mwaka 2011.

Lakini sungura naye haonyeshi kwa nini mshipa unavimba. Swali hilo lilipewa panya. Huko Kyoto, Japani, mwaka 1978, Nobuo Hashimoto na wenzake waliwafunga panya mshipa mmoja wa shingo, wakawapandisha tansio na kuwalisha sumu inayolegeza kuta za mishipa. Vifuko vikatokea ndani ya ubongo wenyewe, pale mishipa inapogawanyika, mahali palepale vinapotokea kwa mtu. Miaka ya karibuni, watafiti wa Marekani walitumia panya wadogo zaidi, ambao vifuko vyao hupasuka kweli. Walipowashusha tansio kwa dawa, vilivyopasuka vilipungua.