KWA NINI MAJI, CHUMVI NA SUKARI?



Mtoto anapoharisha hupoteza maji na chumvi ya mwili. Vikipungua sana, hufa. Leo tujifunze kwa nini maji yenye chumvi na sukari humwokoa.

Fanya jaribio hili jikoni. Kata vipande viwili vya tango. Nyunyizia chumvi kipande kimoja tu. Ngoja nusu saa. Chenye chumvi kitalegea na kutoa maji. Chumvi imeyavuta.

Tango limejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Mwili wako pia. Kila chembe ina ngozi nyembamba. Maji hupita katika ngozi hiyo, yakienda upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Lakini chumvi na sukari hazipiti ovyo. Zina milango yake.

Katika utumbo mdogo kuna mlango ambao chumvi na sukari huingia pamoja. Zikiingia, maji huzifuata. Mlango huo hufanya kazi hata mtoto anapoharisha. Mwaka 1971 wakimbizi kutoka Bangladesh waliugua kipindupindu kambini nchini India. Maji ya kutia mishipani yalipopungua, Dakta Dilip Mahalanabis aliwapa maji ya chumvi na sukari wanywe. Wengi walipona.

Pakiti ya ORS ya zahanati ni bora. Kama huna, changanya:

- maji lita 1, yaliyochemshwa yakapoa
- sukari vijiko vya chai 6
- chumvi NUSU kijiko cha chai

Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza kilima.

Wengine hudhani chumvi nyingi ni dawa kali zaidi. Sivyo! Kumbuka tango. Chumvi au sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini. Mtoto huzidi kukauka. Onja kwanza: yasipite chumvi ya machozi.

Mnyweshe kidogo kidogo kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea taratibu kwa kijiko. Usiache kumnyonyesha wala kumlisha. Maji yaliyobaki, yamwage baada ya siku moja. Mpeleke zahanati apewe pia vidonge vya zinki.

Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa, au akiharisha damu, mkimbize zahanati mara moja. Kama anaweza kunywa, endelea kumnywesha njiani.

Ewe mzazi, kijiko chako kipime vizuri.