Kanyagio Mkononi: Ndege Ndogo na Rubani wa Kiti Mwendo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kanyagio mbili zilizo miguuni pa rubani. Leo tuzihamishie mkononi.

Angani kazi ya kanyagio si kubwa kama wengi wanavyodhani. Husogeza usukani wa mkia ili pua ya ndege isiyumbe inapokata kona. Mmarekani Fred Weick alionyesha zamani kwamba hata hilo laweza kuachiwa mtambo. Ndege yake, Ercoupe, iliyoidhinishwa mwaka 1940, iliunganisha usukani wa mkia na vibawa vya nchani mwa mabawa, vyote vikafuata gurudumu moja la mkononi. Ikawafaa wasio na miguu. Jessica Cox, aliyezaliwa bila mikono, naye alipata leseni mwaka 2008 kwa ndege ya aina hiyohiyo, akiiongoza kwa miguu.

Kazi yenyewe iko ardhini. Kanyagio hizo ndizo zinazogeuza gurudumu la pua, na katika ndege nyingi breki ziko juu yazo. Dawa iliyozoeleka ni fimbo ya chuma inayobanwa kwenye kanyagio moja na kupanda hadi usawa wa paja. Kwa kuwa kanyagio zimeunganishwa, moja ikienda mbele nyingine hurudi, hivyo fimbo moja yatosha: kusukuma huku, kuvuta kule. Tatizo ni hesabu ya mikono. Wakati wa kuruka, mmoja uko kwenye usukani, wa pili kwenye fimbo, na injini nayo inadai wake. Rubani husukuma kishikio cha mafuta hadi mwisho, hukikaza kisirudi, kisha hushika fimbo haraka.

Piper Cherokee hupendwa kwa sababu ina breki ya mkono chini ya dashibodi, na bawa lake liko chini: rubani hukaa ukingoni mwa bawa, akajisogeza kinyumenyume kwa mikono. Ila mlango ni mmoja tu, wa kulia, na kiti chake kiko kushoto.

Sasa tuipeleke ndege Kwakoa, kwenye tambarare kati ya milima ya Upare na Hifadhi ya Mkomazi. Huko ndege ndogo si anasa. Mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyefika Mkomazi mwaka 1989, aliitegemea kufuatilia wanyama na majangili. Lakini kwenye kokoto na vichaka mimi ningechagua Cessna, ambayo bawa lake liko juu, mbali na miiba, hata kama itabidi kuifungia breki ya mkono na kumpandisha rubani kwa ubao wa kuteleza. Joto nalo lina bei yake. Kiwanja kilicho mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa nyuzi 35, ndege hukiona kama kiko karibu mita 1,700: hewa ni nyepesi, mbio za kuruka zinarefuka.

Kuna mambo madogo yanayoweza kuua. Miguu iliyopooza huweza kukakamaa ghafla na kusukuma kanyagio, kwa hiyo hufungwa kwa mkanda mbali nazo. Asiyehisi makalio hupata vidonda vya mgandamizo bila kujua, hivyo mto mzuri wa kukalia ni kifaa cha usalama. Kiti mwendo chenyewe hukunjwa, hupimwa uzito pamoja na mizigo na kufungwa nyuma barabara, na kwa nchi ya miiba kama hii tairi zake ziwe za mpira mtupu, zisizojazwa upepo. Mchanga ukiwa mwingi, hata hizo hazimfikishi mtu mlangoni pa ndege bila msaidizi.

Fimbo ya kanyagio haifungwi na fundi yeyote wa mtaani: mabadiliko ya ndege iliyosajiliwa Tanzania yanahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Leseni ya rubani nayo inadai cheti cha afya, ingawa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huruhusu kasoro ya mwili ivumiliwe, kwa masharti, ikiwa ustadi wa mhusika umethibitishwa. Wiki ijayo tutaingia kwa daktari wa marubani, tuone anapima nini.