Kwa Nini Wasiache Tu?

Tunaporudi kutoka utume wa jioni hapa Dar es Salaam, waamini hutuuliza: hao vijana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, kwa nini wasiache unga wakatafute kazi? Wanaouliza hivyo hudhani kwamba dawa za kulevya zilitangulia, kukosa makazi kukafuata. Kwa baadhi ni kweli. Wengi tunaozungumza nao walianza kwa kukosa pa kulala.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Akivuka hapo, aliyekuwa mtoto wa kuhurumiwa anageuka mzururaji wa kufukuzwa, ingawa baraza analolalia ni lilelile. Gundi ya viatu humsahaulisha njaa na baridi, huku ikimharibu ubongo. Heroini ni mtego mwingine: mwili ukishaizoea, kuikosa ni arosto, yaani maumivu, kutapika na kukosa usingizi. Kwa hiyo "kuacha tu" si jambo la nia peke yake.

Tiba ipo. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni bila malipo. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kila siku. Hebu tupange siku ya kijana wetu. Kibarua cha kushusha mizigo sokoni hupatikana asubuhi, na kliniki nayo ni asubuhi. Nauli hana. Leo kalala Kariakoo, kesho mgambo wamemhamishia Buguruni. Mwenye mama nyumbani huamshwa. Yeye nani amwamshe? Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa kwa usalama wake, na arosto inarudi.

Darasani tumesoma katika De Regno ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba maisha mema yanahitaji kwanza fadhila, kisha mahitaji ya mwili ya kutosha, maana bila hayo fadhila haitendeki. Tulidhani ni habari ya wafalme (na ya mtihani).

Parokia haina methadoni, ila ina bomba, choo na kabati lenye kufuli. Kijana mmoja hakutuomba hela. Alituomba tumtunzie kadi yake ya kliniki, kwani ya kwanza ililoa mvua na ya pili iliibwa pamoja na shati. Sasa iko ofisini kwa katekista, naye huipitia kila asubuhi kabla ya Misa ya kwanza.